Bwana Nebb wa Kusini

Cwmhelyg, Wales Kusini
3 Oktoba 1909

Gomer,

Barua yako tumeipata, na picha uliyotia ndani tumeiona. Mama aliipeleka dirishani, akaitazama kwa muda, akasema umenenepa. Mtu akishajiuza, mnunuzi hana budi kumlisha.

Unauliza habari za huku kana kwamba bado ni zako. Haya, chukua. Ile picha ya timu ya raga iliyokuwa juu ya meko pale klabuni, ya mwaka mlioshinda ngao ya bonde, Bwana Parry katibu aliitoa kwenye fremu, akachukua mkasi wa dukani kwake wa kukatia flaneli, akakukata kichwa. Kichwa tu. Angekukata mzimamzima angemkata na Ifan aliyepiga goti mbele yako, na Ifan ni mwanachama mwema. Basi bado uko ukutani, mikono umeikunja kifuani, na juu ya ukosi hakuna kitu. Nilipouliza, Parry alinijibu kwa Kiingereza chake cha puani, maana unajua siku hizi Kiwelshi hakigusi hata kwa kumfukuzia paka: "Bi Beynon, klabu yetu haina nafasi ya wafanyabiashara." Mtu anayeuza mishumaa na jibini!

Sasa nisikilize vizuri. Hopkin anatazamwa. Mabwana wanaochagua timu ya Wales wamekuja mara mbili, wakasimama na miavuli yao kwenye mstari, na kila mtu aliona walivyokuwa wakinong'onezana mdogo wetu akishika mpira. Watu wanasema Februari atavaa jezi nyekundu, Cardiff, dhidi ya Waskoti. Tangu Baba azikwe hakuna jambo jingine nililoliomba kanisani. Nataka jina la Beynon litajwe tena hapa bila mtu kutema mate.

Kanuni unaijua kuliko mimi. Yeyote atakayegusa mpira uwanjani pamoja na mchezaji wa kulipwa wa Kaskazini mwa Uingereza, kama wewe, hata kwa mzaha, hata kwenye sherehe ya kanisa, amenajisika, na raga ya huku hachezi tena mpaka kufa. Wewe ni ukoma, Gomer. Usije Krismasi. Mama nitamwambia mna mechi.

Dada yako, kwa kuwa hilo halifutiki,
Tirsa


Harrowclough
11 Oktoba 1909

Dada Tirsa,

Ahsante kwa habari za kichwa changu. Mwambie Parry namwachia, akiweke juu ya mabega yake, huenda kikamfaa.

Umesema nimejiuza. Ni kweli. Nilikaa mezani mchana kweupe mbele ya mabwana wenye wino, nikatia sahihi, na jambo likatoka gazetini. Sasa fanya hivi. Jumamosi Hopkin akirudi kutoka mechi, mwombe akuvulie kiatu chake cha kutembelea, ukitikise. Kitalia kwa sarafu. Changu pia kilikuwa kikilia miaka yote niliyoichezea Cwmhelyg, na aliyekuwa akipita chumbani tukioga, akiinamia viatu vyetu kama anayetafuta sindano, ni huyohuyo Parry wako. Sisi tunauza mezani, ninyi mnauza kiatuni, halafu mnaniita mfanyabiashara. Kweli nyani haoni kundule.

Na usidhani nawasifu watu wa huku. Mji mzima ni masizi na mvua. Mwenye nyumba wangu, Bi Ogden, anachemsha utumbo wa ng'ombe mpaka pazia linanuka, na kila jioni ananiuliza kama huko kwetu tuna madirisha. Nimepewa kazi ya kutunza farasi wa kiwanda cha bia, na farasi ndio watu wa maana niliokutana nao. Lakini raga ni raga. Tunacheza kumi na watatu badala ya kumi na watano, hakuna kukaa bure pembeni mkigombea mpira uliotoka nje, na mtu wa nyuma ya skramu, lile rundo la wanaosukumana, kama mimi, anaushika mpira mpaka mikono inachoka. Huko kwetu nilicheza miaka saba mabwana wa miavuli wakija kunitazama. Walikuja, wakala kondoo wa Parry, wakaenda wakamchagua mtoto wa daktari. Sikuondoka kwa njaa ya fedha peke yake. Niliondoka kwa kuchoka kudharauliwa na watu wasioweza kukimbia hata kuwahi treni.

Kuhusu Hopkin, lala usingizi. Simtaki huku. Avae hiyo nyekundu mtu mmoja wa nyumba yetu, kisha Parry na mabwana wa miavuli waende zao.

Krismasi siji. Mechi ipo kweli, kwa hiyo hutakuwa umemdanganya Mama.

Gomer


Cwmhelyg
15 Novemba 1909

Gomer,

Kiatu sikukitikisa. Mimi si Parry.

Hopkin hajambo, isipokuwa ana mdomo uliopasuka. Ijumaa ya kabla ya hii iliyopita alikwenda kwa Shangazi Martha kule Llandeilo, kumsaidia kuhamisha kondoo, akarudi Jumapili mdomo umevimba kama soseji. Anasema ni kondoo dume, alimpiga pembe langoni. Nikamwambia, hata kondoo wa Shangazi wana adabu kuliko watu unaocheza nao. Hakucheka. Amekuwa mkimya tangu arudi, anakula, anashuka mgodini, anapanda, anakwenda mazoezini. Nadhani ni mawazo ya Cardiff.

Jumanne walimkamata mnunuzi mmoja wa Kaskazini stesheni. Alikuwa na koti la manyoya ukosini na anauliza nyumba za wachezaji, mpumbavu wa watu. Vijana walimbeba juujuu wakamtupa mtoni. Kofia yake ilielea mpaka chini ya daraja na watu wote waliokuwa sokoni wakaipigia makofi. Nilikuwa hapo, nami nilipiga. Kama ni wewe uliyemtuma, mwambie maji yetu ni baridi zaidi Januari.

Mabwana wa miavuli wanakuja tena mwezi ujao. Mwombee mdogo wako, kama huko bado mnaomba.

Tirsa


Harrowclough
19 Novemba 1909

Dada Tirsa,

Sikumtuma mtu. Mwenye koti la manyoya namjua, ni wa mji mwingine, na mtoni palimfaa.

Pole kwa mdomo wa Hopkin. Mpake siagi isiyo na chumvi. Msalimie Shangazi na kondoo wake.

Goti langu limevimba, siandiki zaidi.

Gomer


Cwmhelyg
24 Novemba 1909

Gomer,

Kondoo! "Msalimie Shangazi na kondoo wake!" Ulikaa ukaandika hayo kwa mkono wako, ukalamba bahasha, ukatia posta.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, ili ujue nimejuaje. Parry anaagiza gazeti la michezo la Kaskazini, linalomfikia likiwa la wiki mbili. Anasema ni kwa ajili ya kuwajua wasaliti. Jana asubuhi duka limejaa wanawake, tunasubiri unga, naye amesimama nyuma ya kaunta anasoma kwa sauti, ili tujue kwamba anaweza. Akafika kwenye habari za Harrowclough, timu ya kwanza dhidi ya ya pili, mechi ya kuwajaribu wageni. Akasoma: "Mgeni kutoka Kusini, Bwana J. Nebb, alionyesha ujanja wa ajabu nyuma ya skramu kabla ya kuumizwa mdomo na kutolewa nje."

Tukatazamana. Hakuna mwanamke pale asiyejua neb ni nini kwa Kiwelshi. Mtoto akigonga mlango akaulizwa nani, hujibu neb, hakuna mtu, akakimbia. Bi Hefsiba jirani yetu alijiziba mdomo na shali yake mpaka machozi yakamtoka. Parry peke yake akabaki amekunja uso, akauliza kwa Kiingereza: "Kuna anayeujua ukoo huu wa Nebb? Lazima ni wa bonde hili au la jirani." Bi Hefsiba akamjibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza: "Tunawajua bwana, ni ukoo mkubwa. Nyumba yoyote utakayogonga usifunguliwe, ndimo wanamokaa." Naye akashukuru!

Nilitoka bila unga. Mdomo uliopasuka, Ijumaa ile, Llandeilo. Sihitaji kuambiwa na mtu.

Sasa bonde zima linajua kasoro mjinga mmoja, na siku mjinga huyo akishtuka, Hopkin amekwisha. Si Februari tu. Maisha. Nilikuomba kitu kimoja, Gomer. Hukutosheka kujiuza wewe, ukamvuta na mtoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikitafuta adui stesheni. Sitaki barua yako tena isipokuwa unieleze kwa maneno machache ulimwahidi nini.

Tirsa


Harrowclough
29 Novemba 1909

Dada Tirsa,

Sikumwahidi kitu. Maneno machache hayatatosha, nivumilie.

Alikuja mwenyewe. Ijumaa jioni Bi Ogden akaniita, "Mwelshi, kuna Mwelshi mwingine mlangoni," nikakuta Hopkin amelowa, viatu vya raga amevificha ndani ya koti. Alikuwa amewaandikia mabwana wa klabu bila mimi kujua. Nikamwuliza, "Umefuata nini huku?"

"Kilekile ulichofuata wewe."

"Mimi nilikuja baada ya kupuuzwa, Hopkin. Wewe hujapuuzwa."

"Kwani lazima ningoje nipuuzwe kwanza?"

Usiku kucha nilimsihi apande treni ya asubuhi. Sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake walimtia timu ya pili, dhidi yetu sisi wa kwanza. Mgeni wa namna ile hutajwa kwa jina la uongo, na kwa kawaida wote huwa Smith. Mwandishi wa gazeti akamkuta hajajiandaa, akamwuliza wewe nani, naye kwa kuchanganyikiwa akasema neb. Yule bwana akaandika, akamwongezea herufi ya kwanza na b ya pili kwa hisani yake.

Sasa sikiliza. Haikupita muda nikaona. Mimi nauona mwanya, ndipo naingia. Yeye anaingia, halafu mwanya unatokea. Mara tatu alinipita mimi, kaka yake, niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Mabwana jukwaani walikuwa wamesimama, na Bwana Sugden, mkubwa wa klabu, ameacha kiko chake kizimike. Nilijua wakimaliza kuangalia mechi ile hawatamwacha arudi, wangemtia sahihi palepale akiwa na matope. Basi nilimngoja upande ambao mwamuzi haoni, nikampiga kiwiko cha mdomo. Makusudi. Nilisikia jino.

Walipomtoa, Sugden aliniita chumbani, akauliza, "Beynon, huyu kijana wa kwenu unamjua?" Nikasema namjua. Nikasema ni karatasi, mkimwekea mkono tu analala chini, mtakuwa mmenunua hasara. Wakacheka, wakamlipia nauli ya kurudi. Hopkin alikuwa nje ya mlango, kitambaa mdomoni. Alisikia kila neno. Alinitazama kama mtu anavyotazama kitu alichokanyaga, akaenda zake stesheni peke yake.

Ndiyo siri yangu yote na kondoo wangu wote. Umenitukana kwa kumvuta, na mimi nilimfukuza. Nilimpiga kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile nyekundu. Ya pili ni kwamba anacheza nafasi yangu, na goti langu si goti tena. Usiniulize ipi ilikuwa na uzito zaidi.

Usimwambie. Acha anichukie, chuki itamkimbiza vizuri.

Gomer


Cwmhelyg
20 Januari 1910

Gomer,

Nimekaa na barua yako wiki nyingi bila kujua niijibuje. Nimezoea kukuandikia kwa hasira, na sasa hasira imekosa pa kukaa.

Hopkin amechaguliwa. Simu ya maandishi ililetwa leo mchana, Mama akaishika juu chini mpaka nikamsomea. Watu wameanza kuja mlangoni, hata wale waliokuwa wakivuka barabara wakituona. Nimewapa chai wote, na kila mmoja nimemhesabia moyoni aliyowahi kusema.

Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Jioni alikuja Parry. Alikuja kwa mlango wa nyuma, na pakiti ya chai ambayo hatukuagiza. Akakaa. Akavua kofia. Halafu, Gomer, akafungua mdomo akasema Kiwelshi! Si Kiwelshi cha mjini, ni kile cha shambani kabisa, cha watu wa ng'ombe, kama cha bibi yetu. Mama alishtuka akadhani kuna mgeni.

"Tirsa mwanangu," akasema, "huyo Neb naomba asiende tena kwa Shangazi yake mpaka baada ya Cardiff."

Nikajitia hamnazo. "Neb gani, Bwana Parry?"

"Usinifanye mtoto. Nilijua nilipokuwa nasoma, kabla sijafika mwisho wa mstari. Mimi mtoto wa mama yangu nisijue neb?"

"Sasa mbona uliuliza dukani nani anaujua ukoo wa Nebb?"

"Ili wote waone nauliza," akasema. Na hakuona haya.

Anajua tangu Novemba. Amenyamaza kwa sababu katibu wa klabu iliyotoa mchezaji ataalikwa jukwaani pamoja na mabwana, na ameshashona suti. Tena angesemaje? Mwenyekiti wetu ni meneja wa mgodi, Mwingereza. Parry angelazimika kusimama mbele yake na kukiri kwamba anajua Kiwelshi, baada ya miaka yote ya kumwambia hakijui. Akaniambia, "Kanuni ni kanuni, lakini Februari ni Februari."

Huyu ndiye aliyesimama siku ulipoondoka akasema jina lako lisitajwe mbele ya watoto. Nami nilikuwa ukumbini, nikaitikia amina. Niliitikia kwa sauti, nikitaka wanisikie. Nimekuwa nikimdharau mtu asiyestahili kwa ajili ya kumpendeza mtu huyu wa mlango wa nyuma, na najisikia vibaya sana.

Chai yake niliipokea. Ni chai nzuri.

Tirsa


Cwmhelyg
7 Februari 1910

Mdogo wangu Gomer,

Tumeshinda, na ameivaa. Mama alipanda treni kwa mara ya kwanza tangu harusi yake. Uwanja ulikuwa tope tupu, mpaka mwisho sikuweza kutofautisha nyekundu na buluu, lakini Hopkin nilimjua kwa jinsi anavyokimbia, kichwa pembeni kidogo, kama anayesikiliza kitu. Watu walipoanza kuimba kabla ya mechi nililia bila kujificha. Parry alikuwa jukwaani na suti yake, anaimba kwa kufungua na kufumba mdomo, maana maneno ni ya Kiwelshi.

Kofia ya heshima waliyompa kwa kuichezea Wales ni ya mahameli nyekundu, ina kishada cha dhahabu. Mama aliigeuzageuza akauliza, "Sasa hii mtu anaivaa mvuani?" Ameifunga kwenye kitambaa cha Biblia.

Nilifanya jambo moja, na sijui kama nilifanya sawa. Jana baada ya kanisa nilimwambia Hopkin kwa nini ulimpiga. Ulinikataza, lakini nilimwona ana kofia, nikaona sasa hakuna cha kuficha, nikataka ndugu wapatane. Nilidhani nampa zawadi. Aliweka kijiko chini akaniuliza, "Ninyi wawili mlijua?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na Parry alijua?" Nikasema ndiyo. Akachukua koti akatoka, na usiku alipita moja kwa moja chumbani kwake.

Mwandikie wewe. Anza wewe.

Dada yako,
Tirsa


Cwmhelyg
12 Februari 1910

Kaka Gomer,

Barua yako ya kunipongeza imefika. Usijisumbue na nyingine.

Dada ameniambia yote, tena machozi yakimlenga, akitegemea nitakupenda. Sikia mimi nilivyoona. Wewe, Dada, na yule muuza jibini mmekaa huko na huku mkagawana maisha yangu kama mkate wa ibada, kila mtu na kipande chake, na mwenye mkate hakuulizwa. Wewe ulitaka nivae jezi uliyonyimwa. Dada alitaka majirani wamsalimie. Parry alitaka kiti. Hopkin alitaka nini? Hopkin alitaka kutoka mgodini kabla mapafu yake hayajawa kama ya Baba, basi. Nilikuja kwako nimelowa kukwambia hivyo, na wewe ukaanza kuhubiri kuhusu nyekundu kabla sijavua koti.

Uliwaambia mabwana wako kwamba mimi ni karatasi. Walikuamini mpaka Jumamosi ya Cardiff. Jumatatu Sugden alikuja mwenyewe, wala hakutupwa mtoni, maana alishukia kwa Parry. Ndiyo, kwa Parry. Suti imeshavaliwa, jukwaa limeshakaliwa, sasa mchezaji anaweza kuuzwa, na aliyeonyesha mlango wetu hakuondoka mikono mitupu.

Nimetia sahihi. Nilipoivaa ile jezi nilifurahi, sikatai. Nilifurahi mpaka wimbo ulipokwisha, kisha nikawaza, watu wote hawa wana sehemu yao ndani ya hii, yangu iko wapi?

Sharti langu kwa Sugden lilikuwa moja. Sitacheza pamoja na wewe. Nafasi ni ya mtu mmoja, na wamechagua. Watakuambia Ijumaa. Usinisubiri stesheni.

Hopkin


Harrowclough
27 Februari 1910

Dada Tirsa,

Nadhani unajua. Sugden aliniambia Ijumaa kwa upole sana, kiko mkononi, kama mtu anayemwambia mwenye farasi kwamba mnyama wake hafai tena. Kazi ya mazizi nayo ilikuwa ya mchezaji, kwa hiyo imekwenda na jezi. Bi Ogden aliifua na kuipiga pasi kabla sijairudisha. Amempa Hopkin chumba cha mbele, lakini sijamlaumu. Lazima ale.

Jumamosi nililipa kiingilio nikasimama kwenye mvua na watu. Alikuwa mzuri, Tirsa. Nina hasira mpaka sasa kwa jinsi alivyokuwa mzuri. Wale waliokuwa wakiimba jina langu mwezi uliopita waliimba lake, na kwa kuwa jina ni lile lile hawakuhangaika kujifunza jipya. Nilipiga kelele nikamwita. Mzee mmoja akanigusa bega akaniambia nishuke chini, namzibia. Baadaye nilimngoja langoni ingawa alinikataza. Alipita na wenzake. Mdomo wake una kovu, upande wa kushoto. Alilikwaruza kwa kidole aliponiona, akaendelea kutembea.

Raga ya huku imekwisha kwangu, goti halitafika klabu nyingine. Raga ya huko siruhusiwi kuicheza hata na watoto. Nimekaa nikafikiria niliyemdharau maishani, nikakuta ni watu wote, na sasa nahitaji godoro la mmoja wao.

Je, kuna nafasi? Sitawatia aibu. Nitashukia stesheni ya Aberlwyd, nivuke mlima giza likiingia, nije kwa mlango wa nyuma, na watu hawatajua nipo. Jumapili nitakaa ndani. Nikipata kazi mgodi wa bonde la pili nitahama.

Kama Mama hataki, niambie waziwazi.

Gomer


Cwmhelyg
1 Machi 1910

Gomer,

Upumbavu gani huu? Uvuke mlima gizani na goti bovu, ufe kwenye majani, halafu nije kukutafuta na taa? Mlango wa nyuma ni wa Parry.

Alikuja jana, kwa njia yake hiyohiyo, amerudia Kiingereza. Alikuja kunipa pole kwa "wasaliti wawili katika nyumba moja ya heshima." Nilimwacha amalize. Kisha nikamwuliza kwa Kiwelshi, polepole, mbele ya Bi Hefsiba aliyekuja kuazima chumvi, Sugden alimlipa mezani au kiatuni. Akachukua kofia yake akatoka. Bi Hefsiba ameshaipitisha habari nyumba zote za mtaa wetu, na leo ameanza mtaa wa pili.

Kwa Hopkin mimi na wewe tumekosa, na haturekebishi kwa barua. Nimemfumia soksi nikampelekea bila neno. Hajazirudisha. Mama ameshasema kwamba wawili wakiondoka na mmoja akarudi, anajua kuhesabu.

Kitanda chako kipo palepale. Shuka stesheni yetu, Jumamosi, treni ya saa nane mchana, wakati watu wote wako njiani kwenda uwanjani. Nyoa ndevu. Vaa koti zuri. Mama atakuwepo na kofia yake ya Pasaka, nimemkataza akanishinda. Tutapita barabara kuu, katikati, polepole kwa ajili ya goti lako, mbele ya klabu na mbele ya duka. Watakaotazama, watazame. Mimi nitakushika mkono, na nitakaa upande wa dukani.

Tirsa